Tendo la Sita la Lodi Pumbleti

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni tisa na yote nayahitaji, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu, neno kwa neno. Sijatia chumvi hata punje, na mtakaoona kama nimetia, jueni ni macho yenu.

Nchi yenyewe sitaitaja. Wala si kwa woga. Ni kwamba jina lake lilifutwa Ijumaa moja kwa kukosa shahidi, kama mtakavyoona, na mpaka leo halijarudishwa. Ipo tu. Ukifika mpakani ukamwuliza askari, "Afande, hapa ni wapi?" atakujibu, "Hapa ni hapa. Pita."

Mambo yalianzia kwa Waziri wa Maneno na Sherehe, Mheshimiwa Dokta Bakarambe, aliyekwenda Uingereza ziara ya siku tatu. Siku ya kwanza alilala, kwa uchovu wa safari. Siku ya tatu alinunua masweta. Lakini siku ya pili, kwa bahati mbaya ya taifa zima, alionyeshwa kamusi ya mtandaoni.

Aliporudi, alihutubia palepale kiwanja cha ndege, sweta mwilini, jua la saa saba.

"Ndugu wananchi! Wenzetu hawasemi ovyo! Kwao kila neno lina shahidi. Ukibofya neno, hapo chini anatokea mtu wa mwaka elfu moja mia sita na ushee, yuko jukwaani, analitamka! Tena wameandika ni mchezo gani, tendo la ngapi, onyesho la ngapi, mstari wa ngapi! Sisi je? Maneno yetu yanazurura mitaani bila shahidi, kama mbuzi wasio na mwenyewe! Kuanzia leo, kila neno katika Kamusi Kuu ya Taifa litakuwa na nukuu kutoka michezo ya kuigiza ya Waingereza wa kale!"

Profesa mmoja, mtu wa lugha, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, michezo ile ni ya Kiingereza. Maneno yetu ni ya kwetu."

"Ndiyo maana," Waziri akajibu, "inaitwa changamoto."

Watu wakapiga makofi. Profesa akahamishiwa Idara ya Samaki.

Basi sheria ikapita. Neno lisilo na nukuu hufutwa kwenye Kamusi kila Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Na kwa kuwa kompyuta zote za serikali zilikuwa zimeunganishwa na Kamusi, za leseni, za hospitali, za shule, mpaka za mochwari, kitu ambacho jina lake limefutwa kilikuwa hakitambuliki. Hakipo.

Wiki ya kwanza ulianguka muhogo. Waingereza wa kale hawakuwahi kuula, au waliula wakanyamaza. Mama ntilie wakaandika ubaoni, "Leo ipo ile nyeupe ya kuchemsha." Wiki ya pili akafutwa mbu, na Jumatatu yake Wizara ya Afya ikatangaza kwamba nchi haina tena mbu, ikajikatia keki. Foleni nayo ikafutwa; watu wakaendelea kusimama mmoja nyuma ya mwenzake kuanzia alfajiri, ila sasa hawakujua wanafanya nini.

Maneno mengine yalineemeka. Sumu, njama, mzimu, upanga, kaburi, mjomba mwovu, hayo yalipata mashahidi tele. Rushwa peke yake ilipata nukuu mia nne na kumi na mbili. Hakukuwa na neno halali kuliko hilo katika nchi nzima.

Kazi ya kutafuta nukuu ilikuwa ya mwanamke mmoja aitwaye Zamda Mkwiro, Karani wa Nukuu Daraja la Tatu. Ofisi yake ilikuwa na meza, kompyuta, feni iliyozunguka ikipenda, na kabati lenye michezo kumi na mmoja ya Waingereza wa kale, vitabu vilivyoachwa na mwalimu fulani aliyehama zamani bila kuaga. Zamda alivisoma vyote, mara nane kila kimoja. Aliwajua wafalme wale kama majirani. Alijua nani atamtilia nani sumu, na mapacha gani watafananishwa, na binti gani atavaa suruali ili baba yake asimtambue. Mwingine angelichukia kabati lile. Zamda alilipenda, na alipopata nukuu nzuri ya neno la kwetu, alitabasamu peke yake kama mtu aliyeokota mkufu.

Mumewe, Fumbwe, alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko: spana zimening'inizwa kwa ukubwa, tyubu kuukuu juu ya msumari, na beseni la maji la kutafutia tundu. Miaka ishirini na sita alikuwa hapo. Alikuwa hajui kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Jumatatu moja alirudi nyumbani na barua.

"Mama Chiku, hebu nisomee. Mimi nimeisoma lakini naona imenidanganya."

Zamda akasoma. "Ndugu mwananchi. Maneno fundi baiskeli hayajapata shahidi. Ifikapo Ijumaa saa nne asubuhi, kazi yako haitakuwapo. Kibanda chako kitabomolewa mchana wake, kwa sababu hakipo. Nawe utahesabiwa mzururaji na kupelekwa kambini kupalilia katani. Tunakutakia wiki njema."

Zamda akaikunja barua.

"Sasa," Fumbwe akasema, "si mke wangu ndiye mwenye maneno ya nchi? Niwekee moja."

"Baba Chiku, baiskeli haikuwapo. Watu wale walipanda farasi."

"Farasi tu?"

"Farasi tu."

"Na farasi akipata pancha walimpeleka kwa nani?"

"Baba Chiku, usinichekeshe, nina uchungu."

"Sikuchekeshi. Lazima palikuwa na mtu wa kuwatengenezea. Nchi haiwezi kukaa na wafalme watupu. Tafuta vizuri, utanikuta humo."

Akatafuta. Jumanne akasoma michezo minne, Jumatano minne, Alhamisi mitatu iliyobaki. Akakuta gurudumu la bahati, gurudumu la mateso, gurudumu la gari la kifalme. Fundi wa kuyatengeneza hayo magurudumu hakumkuta popote. Kila ukurasa watu wakubwa walikuwa wakilia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyewahi kuharibikiwa na kitu cha kutengenezwa.

Alhamisi saa tisa na nusu, nusu saa kabla ya ofisi kufungwa, Zamda alifunga kitabu cha kumi na moja, akaufungua ukurasa wa kujazia nukuu, akatazama mlangoni, akaandika:

*LODI: Niitieni fundi! Gurudumu la mbele linalia kama mjane, na la nyuma limekata pumzi!*

*MTUMISHI: Bwana, fundi baiskeli yumo getini, na spana zake.*

Mwandishi: Barnabi Twigi. Mchezo: Balaa la Lodi Pumbleti. Mwaka: 1609. Onyesho la pili, mstari wa mia na kumi na nne.

Hakukuwa na Barnabi Twigi duniani. Hakukuwa na bwana mkubwa aitwaye Lodi Pumbleti. Na pale penye Tendo, akitazama tena mlangoni, Zamda akabonyeza sita badala ya tano.

Karani yeyote wa Idara ya Nukuu angejua hilo ni kosa la kufukuzisha mtu kazi, maana michezo ile huwa na matendo matano basi. Tendo la Tano watu wote wanakufa, mnakwenda nyumbani. Akataka kurekebisha. Kompyuta ikamwandikia: *Nukuu ikishaingia hairekebishwi. Taifa halikosei.*

Ijumaa saa nne, maneno mia mbili na kumi yalifutwa. Fundi baiskeli akabaki, na alama ya kijani ubavuni.

Fumbwe alipooneshwa kwenye simu alikaa chini kabisa, chini kwenye grisi. "Yumo getini, na spana zake," akasoma polepole. "Mama Chiku, nilikwambia! Miaka mia nne! Waingereza walinijua!"

Zamda alikuwa amepanga kumwambia ukweli jioni ile. Akamtazama anavyozifuta spana zake moja moja, kwa heshima, kama mtu aliyepata habari za babu yake. Akasema, "Hongera, Baba Chiku," akaenda kubandika chai.

Kufikia Jumapili, wateja wote wa kibanda walikuwa wanazijua zile kauli mbili kwa moyo. Ukipeleka baiskeli, Fumbwe haanzi kazi mpaka useme ya Lodi, naye akujibu ya Mtumishi. Soko likashika. Wauza nyanya wakawa wanaitana, "Niitieni fundi!"

Habari zikafika bungeni. Mbunge akauliza kama ni kweli Kamusi imepata fundi baiskeli wa mwaka 1609. Waziri Bakarambe akasimama, hakuwa na karatasi, na mtu mkubwa asiye na karatasi ni hatari.

"Mheshimiwa Spika, nashangaa anauliza! Balaa la Lodi Pumbleti tuliukariri wote nilipokuwa nasoma ng'ambo! Hasa Tendo la Sita. Tendo la Sita, Mheshimiwa Spika, lilinitoa machozi!"

Bwana Lukindo, Mkurugenzi wa Idara ya Nukuu, hakutaka kuachwa nyuma, akaandika makala gazetini, "Barnabi Twigi: Ninavyomkumbuka." Ukatumwa ujumbe wa watu kumi na wanne kwenda kulizuru kaburi la Twigi. Walikaa Uingereza wiki tatu, wakarudi na taarifa kwamba kaburi ni zuri, limetunzwa, na kuna baridi.

Zamda alisoma taarifa ile mara mbili. Kwa nafsi yake alikuwa na hakika ya jambo moja tu: kaburi lile halipo. Sasa kuna watu kumi na wanne waliopiga nalo picha.

Ndipo akaja Shomvi, Mkaguzi wa Nukuu kutoka makao makuu. Shomvi alikuwa na kasoro moja ya ajabu katika utumishi wa umma. Alikuwa amesoma.

Akaketi mbele ya meza ya Zamda, akavua miwani. "Bi Zamda. Shikamoo sikupi, tuko rika moja. Nakuuliza kitu kidogo. Michezo hii ina matendo mangapi?"

"Matano, Bwana Mkaguzi."

"Yote?"

"Yote."

"Na Lodi Pumbleti?"

Zamda akatazama kabati. Feni ikazunguka mara moja, ikaacha.

"Adhabu ya kubuni nukuu unaijua," Shomvi akasema, kwa upole hasa. "Jina lako linafutwa. Hupati mshahara, hupati matibabu, ukifa huzikwi. Na neno lenyewe linaanguka, na aliyekuwa amelishika anakwenda katani. Sisemi umebuni. Nasema kesho tunakwenda kwa Waziri."

Usiku ule sitausimulia. Zamda hakulala, Fumbwe alikoroma, yatosha.

Kesho yake wakasimama mbele ya Waziri: Shomvi na vitabu kumi na kimoja kifuani, Lukindo na jasho, na Zamda na mkoba alimofunga nguo mbili, maana hakujua kama atarudi. Shomvi akaeleza taratibu, akafungua kitabu baada ya kitabu. Matano. Matano. Matano.

Waziri akageuka mwekundu, akageuka wa kijivu. Alikuwa amesema bungeni kwamba Tendo la Sita lilimtoa machozi. Kumbukumbu za Bunge zipo.

"Kwa hiyo," akasema hatimaye, "unaniambia vitabu vyote hivi kumi na kimoja vina upungufu wa tendo moja."

"Sivyo, Mheshimiwa, nasema..."

"Yaani walituachia vitabu vibovu!"

"Mheshimiwa, huko kwao pia ni matano..."

"Wameficha!" Waziri akapiga meza, kikombe kikaruka. "Lukindo! Unaona?"

"Naona, Mheshimiwa! Mimi siku zote niliona michezo hii inakatika ghafla. Watu wanakufa, halafu basi? Nani anazika?"

"Sawasawa! Nani anazika!" Waziri akasimama. "Iundwe Kamati ya Kurejesha Tendo la Sita. Mwenyekiti, Mkaguzi Shomvi. Utaondoka Jumatano, na hutarudi bila matendo yote. Waingereza waandikiwe barua kali. Na Sikukuu ya Taifa, wiki mbili zijazo, Tendo la Sita la Lodi Pumbleti litaigizwa uwanjani, mubashara, dunia ione tunalo sisi! Bi Zamda, wewe ndiye uliyelinukuu. Andiko lilete Ijumaa."

Shomvi akafungua kinywa. Akamtazama Waziri, akamtazama Zamda, akatazama dirishani. "Uingereza?" akauliza. "Kwa muda usiojulikana?"

"Usiojulikana."

Shomvi akavaa miwani yake. Vitabu vile alikuwa amevisoma maisha yake yote, na kule vilikoandikwa hakuwahi kufika. "Nitafute sweta," akasema.

Sasa Zamda ana siku nne za kuandika tendo zima la mchezo usiokuwapo. Tendo la Tano wamekwisha kufa wote. Hiyo ndiyo kanuni. Atamweka nani jukwaani? Siku ya pili akiwa bado na karatasi nyeupe, akapeleka chakula kibandani.

"Baba Chiku, hebu niambie. Wakubwa wote wakifa siku moja, wanabaki akina nani?"

Fumbwe alikuwa ameinamia beseni, anatazama mapovu. "Tunabaki sisi. Nani mwingine? Tena tunafagia."

Zamda akarudi ofisini mbio, chakula hakukishusha.

Sikukuu ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Pazia likafunguka: maiti tisa za kifalme zimelala, Lodi Pumbleti pembeni anakata roho kwa sauti. Lodi akaita, "Niitieni fundi! Gurudumu la mbele linalia kama mjane, na la nyuma limekata pumzi!" kisha akafa. Akaingia Mtumishi. Akafungua kinywa ajibu.

Hakuna kilichotoka. Kijana wa watu aliona kamera, akaona bendera, akaona watu elfu thelathini, na maneno yote yakamtoka kichwani. Akaangaza huku na huku, na macho yake yakaangukia safu ya mbele.

"Mheshimiwa," akasema kwenye kipaza sauti, kwa unyenyekevu kabisa. "Ninyi si mliukariri? Nisaidieni."

Uwanja mzima ukageuka. Kamera zikageuka. Waziri Bakarambe akasimama polepole, akakohoa, akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Zamda, aliyeketi nyuma ya Lukindo, aliona sikio la Waziri likichuruzika jasho. Alijua kwamba sekunde moja zaidi mtu huyu atatafuta wa kumlaumu. Akajua atakuwa nani.

"Hapa," Waziri akaanza, "hapa, ndugu wananchi, kuna kimya. Kimya cha mwaka 1609..."

"Bwana, fundi baiskeli yumo getini, na spana zake!"

Sauti ilitoka juu ukutani, nyuma kabisa. Ilikuwa ya Fumbwe. Na kabla hajaketi, soko zima lililokuja naye likarudia, kisha uwanja wote: yumo getini! Bila kuombwa na mtu, Fumbwe akateremka ukutani, akapasua katikati ya watu, akapanda jukwaani na spana yake mfukoni, akazitazama maiti tisa.

"Mmeniita, nimekuja," akasema. "Nani alikuwa na baiskeli humu? Nyote mmekufa? Ebo! Upanga mnao, taji mnalo, pampu hamna!" Akamgusa Lodi kwa kidole cha mguu. "Na huyu naye. Kelele zote zile, kumbe ni tundu dogo."

Hakuna hata neno moja katika hayo ambalo Zamda aliliandika. Watu walicheka mpaka ukuta ukatikisika. Waziri naye alicheka, kwa sababu kamera zilikuwa bado zinamtazama, na alipoona amepona akanyakua kipaza sauti akatangaza kwamba huyo, ndugu wananchi, ni Shahidi Hai wa Taifa, na kuanzia leo neno lolote atakalolitamka Shahidi Hai mbele ya karani litakuwa na nguvu sawa na mwaka 1609.

Jumatatu yake, nyuma ya soko, watu walisimama mmoja nyuma ya mwenzake kutoka kibandani mpaka barabara kuu. Wa kwanza alikuwa mama ntilie. "Mzee Fumbwe, nakuomba, sema muhogo." Fumbwe, mikono ina grisi, akasema, "Muhogo." Zamda, kwenye kiti kidogo pembeni, akaandika: Fumbwe, kibandani, asubuhi. "Mwingine!" "Sema foleni, mzee." "Foleni." Na watu wote waliokuwa wamesimama wakashusha pumzi, kwa kuwa hatimaye walijua wanafanya nini.

Mpaka leo Fumbwe anaamini babu yake wa kazi alisimama kwenye geti la lodi mwaka 1609. Zamda hakumwambia. Hakumwambia mumewe, wala mwanawe Chiku, wala Shomvi, ambaye bado yuko Uingereza anatafuta. Siri hiyo hakuifungulia kinywa kwa kiumbe yeyote aliye hai.

Nilipoandika hapo nikaweka kalamu, nikampa mke wangu, Bi Mwanakheri, asome. Akasoma yote, anacheka tumbo linamcheza. Akafika mwisho. Akaacha kucheka.

"Hakumwambia kiumbe yeyote?"

"Hakuna."

"Na kuandika, aliandika popote?"

"Wapi! Mwanamke mwenye akili yule."

"Basi wewe, Mzee Kombo, umejuaje?"

Nikakuna kichwa. Nikasema huenda ndege alimsikia. Nikasema huenda aliota kwa sauti.

"Kaoshe masufuria," akasema, bila hata kunitazama. "Yote. Anza na lile la wali."

Nimekwenda. Ndani mna ukoko ulioshika chini kwa chini, mweusi, mnene kama soli ya kiatu. Sina nukuu yake ya mwaka wowote, wala tendo, wala mstari. Lakini upo. Saa nzima sasa naukwangua kwa kijiko.